Kabla ya kiraka, tafuta waya

Waendesha baiskeli wa Lubumbashi wakikutana hulalamikia misumari na vipande vya chupa. Mjini sawa. Lakini ukishatoka kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilometa tisini hivi, adui ni mwingine: vijiwaya vya chuma vinavyotoka ndani ya tairi za malori. Barabara ile haina usiku wala mchana. Shaba na kobalti zinashuka kwenda mpakani, mafuta, salfa na unga vinapanda. Tairi ya lori ikipasuka, magamba yake yanabaki pembeni mwa lami, palepale malori yanapotusukumia sisi. Mpira unasagika, chuma kinabaki, chembamba kama unywele.

Waya wa namna hiyo hautoi mlio wowote. Upepo unapungua kidogo kidogo, mpaka unahisi baiskeli imekuwa nzito nyuma. Ndipo haraka inapoanza: tyubu nje, tyubu mpya ndani, pampu, twende. Mbele kidogo tu, chini tena. Mtu analaani tyubu za siku hizi, kumbe waya bado umekaa kwenye tairi, unangoja tyubu inayofuata.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya pancha iko kwenye tairi, na kiraka ni kazi ndogo. Kila unapofunga tairi, weka vali mbele ya maandishi ya tairi. Siku ikitoboka, jaza tyubu upepo, tafuta tundu, kisha ilaze tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa: utajua ni sehemu gani ya kupapasa. Ukiwa na pamba, pitisha pamba badala ya kidole. Waya utainasa, na damu yako itabaki kwako. Kuung'oa kwa kucha ni kujidanganya. Mimi natembea na kibano cha nyusi, kile cha kina mama wa vipodozi sokoni, na nakithamini kuliko tairi za bei kali ambazo wenzangu wanaagiza kutoka nje.

Wabeba makala, yaani mkaa, hawahitaji somo hili. Baiskeli imelemewa magunia, kushusha na kupakia tena ni adhabu, kwa hiyo mtu hataki kuziba mara mbili. Mmoja alimtazama mwenzangu akipampu kwa fujo, akamwambia, "Yaya (yaani mkubwa wangu), angalia kwanza mule ndani." Ndani ya tairi zao utakuta kipande cha tairi kuukuu kimewekwa palipochanika, tyubu isichungulie nje. Hapo unaona fundi aliyefundishwa na mzigo.

Si kila tundu ni la waya, lakini. Matundu mawili yanayokaa sambamba yanakwambia ulikuwa na upepo mdogo, ukagonga ukingo wa shimo, rimu ikaibana tyubu. Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea rimu, kagua vichwa vya spoku na ule utepe unaovifunika. Hapo utapapasa tairi hadi jua lizame bila kupata kitu.

Kuhusu gundi nina neno moja: iache ikauke. Sugua tyubu kwa msasa, paka, subiri dakika kama tano hadi mng'ao uishe, ndipo ubandike na kukandamiza. Wanaopuliza kwa mdomo wanaongeza unyevu tu. Mvua ikinyesha, sahau gundi, funga tyubu ya akiba, uzibe nyumbani.

Kuna na yale maji meupe ya kuzuia pancha. Yanaziba tundu dogo, sikatai. Ila hukauka baada ya miezi, na joto letu la Oktoba haliyasaidii; tena yakivujia nje ya tyubu, kiraka hakishiki mpaka ufute na kukausha vizuri. Vile vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi, vya kujazia tyubu badala ya pampu, ndiyo siviwezi kabisa. Gesi ile hupenya kwenye mpira upesi kuliko hewa ya kawaida, kesho yake unapampu tena. Na kikiisha njiani, utanunua wapi kingine?

(Dunlop alipoleta tairi yake ya upepo kule Belfast mwaka 1888, dunia ilianza kuulilia mpira, na Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ikaulipia kwa damu. Leo Mkongomani anahesabu faranga apate tyubu. Tuyaache hayo.)

Wabaki mafundi wa kando ya njia. Wengi wanaziba vizuri kuliko mimi, na nawapelekea kazi bila kusita. Ila fundi analipwa kwa kiraka, halipwi kwa waya. Kabla hajarudisha tyubu, iombe ile tairi uipapase mwenyewe. Akinuna, mnunulie soda, uendelee kupapasa.