Mawei, 756: Nani alimsaliti Yang Guifei?

Alfajiri moja ya Julai 756, Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, huko China, aliwakimbia waasi akatoroka Chang'an, mji mkuu wake, ambao leo unaitwa Xi'an. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, ametawala tangu 712. Kesho yake, kwenye kituo cha wasafiri cha Mawei, askari wake walikataa kusonga mbele. Walikuwa wamechoka na wana njaa. Walipomwona waziri mkuu Yang Guozhong akiongea na wajumbe wa Tibet, ambao nao walikuwa wakilalamikia chakula, kelele zikapigwa kwamba anakula njama na wageni. Wakamuua papo hapo. Halafu wakataka na binamu yake, Yang Guifei, kipenzi cha mfalme, afe. Mfalme alisita, kisha akaridhia. Towashi wake, Gao Lishi, akamnyonga mama huyo katika hekalu dogo la Kibudha.

Wanaomtetea mfalme wana hoja nzito, na aliyeitoa kwanza ni Gao Lishi mwenyewe. Alimwambia bwana wake kwamba Guifei kweli hana hatia, lakini askari wamekwisha kumuua ndugu yake. Watalalaje usingizi huku yeye angali pembeni ya mfalme? Hoja hiyo haina chuki ndani yake. Askari walijua kwamba machozi ya Guifei, siku moja, yangeweza kugeuka amri ya kuwakata vichwa. Na mfalme aliyezingirwa na panga angekataa kwa nguvu gani? Angekufa yeye, angekufa Guifei, na dola ingebaki bila kichwa huku waasi wakiikaribia Chang'an.

Kwa hiyo mimi simhukumu Xuanzong kwa saa ile ya Mawei. Namhukumu kwa miaka iliyotangulia.

An Lushan, jemadari aliyeasi mwishoni mwa 755, hakuzuka porini. Xuanzong ndiye aliyempa majeshi ya majimbo matatu ya mpakani kaskazini, yote chini ya mkono mmoja, na akamwachia afanywe mtoto wa kulea wa Guifei hapo kasri. Xuanzong ndiye aliyempandisha Yang Guozhong kuwa waziri mkuu mwaka 752, mtu aliyegombana na An Lushan hadi ugomvi wao ukawa wa dola nzima. Vita vilipoanza, akawaua majemadari wake wawili, Gao Xianzhi na Feng Changqing, kwa maneno ya towashi mmoja. Kisha akamlazimisha Geshu Han kutoka kwenye ngome ya Tong, iliyokuwa ikiilinda njia ya mji mkuu, naye akashindwa vibaya. Katika maamuzi hayo, lipi lilikuwa la Guifei? Ndugu zake walineemeka kwa ajili yake, hilo halikanushiki, na wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini muhuri wa dola haukuwa mkononi mwake.

Kuna pia suala la mapenzi yenyewe. Huyu mwanamke alikuwa kwanza mke wa Li Mao, mtoto wa Xuanzong. Baba mtu alimtamani, mwanamke akafanywa mtawa wa dini ya Tao ili ndoa ile ifutike, na mwaka 745 akapewa cheo cha Guifei, yaani suria wa ngazi ya juu wa mfalme. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Hata hivyo sithubutu kusema hapakuwa na upendo. Mwaka 750, alipofukuzwa kasri baada ya ugomvi, alikata shungi la nywele zake akampelekea mfalme, akisema kila alichonacho amepewa na mfalme, ila nywele na mwili ni vya wazazi wake. Mfalme alishtuka akamrudisha mara moja. Mtu asiyependa hashtuki hivyo.

Wanaowasifu askari kwa kuiokoa dola nao waangalie nani alipata faida. Chen Xuanli, mkuu wa walinzi, alikuwa amepeleka habari za mpango wa kumuua Yang Guozhong kwa mrithi wa ufalme, Li Heng, kupitia towashi Li Fuguo, kabla ya damu kumwagika. Haikupita hata miezi miwili, Li Heng akajitangaza mfalme huko Lingwu, baba yake akiwa njiani kwenda Chengdu. Mwaka 760 Li Fuguo huyohuyo alimhamisha mzee kutoka kasri alilolipenda, na Gao Lishi akapelekwa uhamishoni.

Xuanzong aliporejea Chang'an mwanzoni mwa 758 alitaka kumzika upya Guifei kwa heshima. Maofisa wakapinga, wakihofia askari. Akawatuma matowashi kwa siri. Walikuta mwili umeoza, kifuko chake cha manukato tu ndicho kimebaki, wakamletea mzee. Akaagiza achorewe picha ya Guifei, akawa anaitazama asubuhi na jioni.