Si Jiwe!

Ukimwona mtu anajisifu kapanda ukuta mrefu wa mwamba, usimuulize alipanda vipi. Muulize begi alilivuta nani.

Watu wakisikia El Capitan, ule mwamba wa itale wa Yosemite, Marekani, wenye kimo cha mita 900 hivi, wanawaza vidole vilivyong'ang'ania ufa na mtu anayechungulia chini roho mkononi. Hayo yapo. Lakini kama nyinyi ni wapandaji wa mwishoni mwa wiki, wenye vitambi vinavyochipukia, njia za pale mnazipanda kwa siku kadhaa, na ukutani hakuna bomba la maji. Rafiki yangu Mhandisi alipiga hesabu: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, watu 3, siku 4. Lita 48. Yaani kilo 48 kabla hujatia chakula, vifaa vya kulalia, kitanda cha kuning'inia, na birika la Dada Mkubwa, ambaye aliapa kwamba bila birika lake hapandi hata ngazi.

Tulipomaliza kufungasha, begi lilikuwa na kilo 80. Mimi nina 58. Wapandaji wazoefu huliita begi la namna hiyo nguruwe, na hawaliiti hivyo kwa mapenzi.

Mhandisi ndiye aliyetuingiza mkenge, na alitumia historia. Mwaka 1958, akasema, Warren Harding na wenzake waliimaliza The Nose, njia ile ile ya El Capitan tuliyoichagua sisi, baada ya zaidi ya siku 40 za kazi walizoanza mwaka uliotangulia, tena vyuma vyao vingine vilikuwa miguu ya majiko ya zamani iliyogongomelewa kwenye nyufa. Mwaka 1993 Lynn Hill akaipanda kwa mikono na miguu yake tu, kamba ikiwa ni ya kumdaka akiteleza, na mwaka uliofuata akaimaliza chini ya saa 24. Kisha mwaka 2017 Alex Honnold akapita njia ya jirani, Freerider, peke yake, bila kamba hata ya viatu vya mtu mwingine, kwa muda usiotimia saa 4.

"Sasa," akasema Mhandisi, "huyo hana kamba, saa 4. Sisi tuna kamba tatu na siku 4. Si tutakuwa tunatembea tu?"

Nikamgeukia Dada Mkubwa nikitegemea amkemee. Anaitwa Mkubwa kwa sababu ndiye aliyetuzidi umri na akili. Akaitikia kwa kichwa! Mtu akikupigia hesabu kwa kalamu na karatasi, unalainika.

Kupanda kwenyewe hakukuwa na neno. Hakuna aliyelia kwa sauti. Ila tulipofika kituo cha pili, Mhandisi alishikwa na tumbo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, wanaokula wavumilie. Pale huruhusiwi kuacha wala kurusha uchafu wako ukutani; mnabeba kila kitu mpaka mtakaposhuka. Chombo chetu kilikuwa kipande cha bomba nene la plastiki, upande mmoja kimezibwa kabisa, upande wa pili kina kifuniko cha kuzungusha. Mtu anajisaidia kwenye mfuko wa karatasi huku ananing'inia kwenye mikanda yake, wenzake wakiyatazama mandhari ya upande wa pili kwa bidii isiyo ya kawaida. Kisha mfuko unaingia bombani, kifuniko kinakazwa, bomba linafungwa kwa kamba chini ya begi.

Mhandisi alizungusha kifuniko. Nikasikia kinalia kri, kri, ule mlio wa nyuzi zisizokutana.

"Kaka, kimekaza hicho?"

"Mimi ni mhandisi," akanijibu.

Hatukuwa tumefika hata Sickle Ledge, kibaraza kilicho juu ya vipande 4 vya mwanzo katika vipande 31 hivi vya njia nzima, begi lilipogoma kama punda. Huku ukutani mzigo unavutwa kwa kapi lenye meno: kamba inakuja kwako, hairudi. Unajifunga kwenye kamba, unajiachia kwa uzito wako wote, begi linapanda. Hivyo ndivyo wanavyosema. Kwa kilo 58 dhidi ya 80, ukijiachia unakaa tu. Nilikaa. Nikarukaruka. Nikakaa tena.

"Ni suala la mizania," akasema Mhandisi. "Mimi nina 77. Tukijifunga wote wawili tunapata 135. Sisi tunashuka, lenyewe linapanda."

Na si kwamba alizua. Hata wazoefu hufanya hivyo, wakiwa na kamba nyingine ya usalama juu yao. Tukajifunga, tukajiachia, tukashuka kwa heshima zote mita mbili tatu. Kisha begi likanasa chini ya mdomo wa mwamba, nasi tukabaki tunaning'inia bega kwa bega, pumzi yake ikiniingia sikioni, tukimngoja Dada Mkubwa aliyekuwa akilifuata begi kwenye kamba yake. Mtu wa chini ana kazi mbili: kunasua begi na kuwatukana wa juu.

"Nyie vijana, mmeshika?"

"Tumeshika, Dada!"

Hatukuwa tumeshika chochote. Sisi ndio tulikuwa tumeshikwa.

Akalipiga teke.

Begi lilichomoka. Sisi chini, lenyewe juu, tukapishana nalo katikati uso kwa uso. Nyuma yake likafuata bomba, likinesanesa. Likajichomeka kati ya goti la Mhandisi na kamba, likapinduka kichwa chini, na kile kifuniko cha kitaalamu kikaachia, kikaenda zake hewani kikizunguka.

Ukutani, chochote kikianguka unapiga ukelele wa "Jiwe!" Kiwe jiwe, kiwe kijiko, hakuna muda wa kuainisha. Mhandisi akautoa huo ukelele bonde zima likausikia. Dada Mkubwa, aliyefunzwa akafunzika, hakuangalia juu. Alijibana ukutani, kofia ngumu mbele, kifuniko kikampita. Akasubiri kidogo. Akainua uso.

Hapo ndipo mfuko wa karatasi ulipochungulia.

"Jiwe!" akaita Mhandisi. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza: "Si jiwe!"

"Si jiwe ni nini?"

Nimekaa kwenye usaili wa kazi mbele ya wakubwa watano na sikuwahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Hatukujibu. Mfuko ulijibu wenyewe, begani, kwa mlio ambao sitauandika.

Kisha sauti ya Dada Mkubwa ikapanda, tulivu mno, na huo utulivu ndio ulionitia baridi.

"Wa nani?"

"Wa Mhandisi!" Urafiki wetu ni wa tangu utotoni, lakini kwa kweli sikuona haja ya kufikiria.

Mfuko haukupasuka wote. Sehemu kubwa ilikuwa imelala kati ya bega na kamba, na kuutupa ni marufuku. Basi akavua mfuko wake wa chaki, ule unga wa kukausha jasho la mikono, mfuko aliodarizi maua kwa mkono wake, akaukung'uta unga wote, akautia mzigo humo kwa ncha za vidole viwili, akakaza uzi. Akapanda kamba yote uso ukiwa umeelekea Nevada. Alipofika kituoni alimvalisha Mhandisi ule mfuko kiunoni, akaufunga fundo maradufu.

Halafu akafungua begi, akatoa dumu la kwanza la maji, akajimwagia. La pili. La tatu. Maji tuliyohangaika nayo tangu alfajiri yakarejea chini kwa njia ya mkato. Sisi tulikuwa tukimpokelea madumu matupu kwa adabu, mikono miwili. Alipomaliza, begi lilikuwa jepesi kiasi kwamba ningelivuta peke yangu mpaka kileleni. Lakini kileleni hakufikiki bila maji, kwa hiyo hatukupiga hata kura. Tukateremka kwa kamba, kituo kwa kituo, bila mazungumzo.

Chini ya El Capitan kuna uwanda wa nyasi ambapo watu huketi na darubini kuwatazama wapandaji. Mzee mmoja akatujia mbiombio, daftari mkononi, macho yanang'aa. Yeye hakuja kwa ajili ya wapandaji. Kwenye kuta za Yosemite hutaga kozi, wale ndege wawindaji wanaopiga mbizi kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, na baadhi ya njia hufungwa msimu wao wa kutaga. Alikuwa amewavizia siku nzima.

"Nimemwona!" akasema. "Kashuka wima, kampiga huyu mama begani! Ni yeye, sivyo?"

"Ni yeye, mzee wangu," akajibu Mhandisi, mkono ukiuziba mfuko wa chaki.

Mzee akaandika saa. Akaandika mahali. Akalamba ncha ya penseli.

"Na rangi yake?"

Mhandisi akafungua mdomo, ila Dada Mkubwa alimtangulia.

"Andika kahawia."