Jumba la Sanaa la Johannesburg Libaki Joubert Park

Jumba la Sanaa la Johannesburg limeipa mgongo bustani ya Joubert Park lililomo, na baraza lake la nguzo za mawe linatazama njia ya reli. Msanifu wake, Mwingereza Edwin Lutyens, ambaye baadaye alisanifu majengo makuu ya serikali mjini New Delhi, alikusudia bustani hiyo iunganishwe na kiwanja cha wazi kilichoko ng'ambo ya reli, ili jumba lisimame katikati ya eneo moja pana. Jumba likajengwa, lakini mpango wa kuivuka reli ukaachwa. Wanaolilaumu kwamba limegeuka upande usiofaa wanasahau kuwa kosa si la jengo, bali ni la mji ulioishia njiani.

Wazo la kuwa na jumba hilo lilishikiliwa na Florence Phillips, mke wa Lionel Phillips, tajiri wa migodi ya dhahabu. Alimpa kazi ya kukusanya picha Hugh Lane, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Ireland, na kufikia mwaka 1910 mkusanyiko ulikuwa na kazi za Monet, Sisley, Pissarro na Rodin. Jumba lilifunguliwa mwaka 1915, mwaka uleule ambao Lane alikufa maji meli ya Lusitania ilipozamishwa.

Johannesburg ulianzishwa mwaka 1886, kwa hiyo wakati huo haukuwa umetimiza hata miaka 30, nao matajiri wake walitaka uonekane mrithi wa Athens na Roma. Ukilitazama bila kujua historia hiyo, utaona kazi ya mkono uliotulia: kuta za mawe zisizo na mapambo mengi, na vipimo vinavyolingana. Mimi nalipenda jengo hili, lakini siwezi kulisifu bila kusema kwamba dhahabu iliyoligharimia ilichimbwa na wafanyakazi Weusi, ambao hawakuhesabiwa miongoni mwa watu waliokusudiwa kulifurahia. Ni mwaka 1940 ndipo jumba liliponunua kwa mara ya kwanza kazi ya msanii Mweusi, yaani picha ya Gerard Sekoto ya nyumba za njano katika mtaa wa Sophiatown. Miaka 15 baadaye serikali ya ubaguzi wa rangi ilianza kuwahamisha wakazi wa Sophiatown kwa nguvu na kuubomoa mtaa wao, na picha hiyo ikabaki kuwa ushahidi wa mahali palipofutwa.

Leo tatizo kubwa ni paa. Sehemu iliyoongezwa katika miaka ya 1980, yenye mapaa ya shaba yaliyopinda kama matao, imevuja kwa miaka mingi, na mwaka 2017 jumba lililazimika kufungwa kwa muda kutokana na uharibifu wa mvua. Ndipo husikika sauti za kutaka mkusanyiko uhamishiwe mahali pengine, penye utulivu na usalama zaidi.

Napinga uhamisho wa kudumu kwa moyo wote. Watu wanaopita Joubert Park kila siku, wachuuzi, wanafunzi, wahamiaji na abiria wa teksi za Noord Street, ndio hasa umma ambao jumba la umma linapaswa kuuhudumia, na ni umma uleule uliowekwa kando tangu mwanzo. Kuziondoa picha sasa, wakati watu hao hatimaye wanaishi mlangoni pake, ni kuurudia ubaguzi wa kale kwa kisingizio cha uhifadhi.

Hata hivyo, picha haziwezi kukaa chini ya paa linalovuja. Zitolewe kwa muda, ukarabati uanze na paa pamoja na mifereji ya maji kabla ya rangi na taa, na kabla ya kasha la kwanza kubebwa, halmashauri ya jiji itangaze hadharani orodha ya kila kazi inayotoka, mahali inapopelekwa na tarehe ya kurudishwa kwake.