Ngome za mfalme mmoja: Havana kwa macho ya mtu wa Mombasa

Jamaa wakinipigia simu kutoka Mombasa, nami niko Havana, mji mkuu wa Kuba, cha kwanza kuulizwa ni magari ya zamani. Yapo. Yale yaliyong'arishwa rangi ya waridi ni ya watalii. Yaliyochakaa, ambayo wenyeji huyaita almendrón, ndiyo matatu (daladala) ya huku: wasimama kando ya njia, wapunga mkono, mwabanana. Lakini mtu aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa, ngome ya Fort Jesus iko mbele ya macho yake tangu utotoni, akifika Havana hatashangazwa na magari. Atashangazwa na ngome.

Mlango wa bandari hapa unalindwa na El Morro, iliyoanza kujengwa 1589. Fort Jesus ilianza 1593. Aliyekuwa na amri juu ya zote mbili ni mfalme mmoja, Philip II wa Hispania, kwa sababu tangu miaka ya 1580 taji la Ureno nalo lilikuwa kichwani mwake. Waliozichora wote ni Wataliano: huku Battista Antonelli, kwetu Giovanni Battista Cairati. Hata mikasa yake yakaribiana. Yetu ilizingirwa na Waomani karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka 1698. Morro iliangushwa na Waingereza 1762, walipochimba chini ya ukuta wakatia baruti. Mwaka uliofuata Hispania ikatoa Florida ili irudishiwe Havana, kisha ikajenga ngome nyingine kubwa pembeni, La Cabaña. Hiyo baadaye ikawa jela, kama Fort Jesus ilivyokuwa jela ya Waingereza mpaka 1958. Kila siku saa tatu usiku askari waliovaa nguo za karne ya 18 hupiga mzinga pale La Cabaña, na mshindo wake husikika mjini. Zamani ulikuwa ishara ya kufunga malango ya mji. Siku hizi watalii hujazana kuutazama.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Katika miaka ya 1990, Muungano wa Sovieti ulipovunjika na Kuba ikabaki haina mafuta wala chakula, mwanahistoria wa mji, Eusebio Leal, alipata ruhusa ambayo sijui kama kwetu ingetolewa. Ofisi yake ikaanzisha kampuni yake mwaka 1994, ikaendesha mahoteli na mikahawa ya mji wa kale, na mapato yakatengeneza mji huohuo. Na hayakuishia kwenye kuta za kupigiwa picha. Plaza Vieja ilikuwa imechimbwa gereji ya magari chini yake mwaka 1952. Ikabomolewa, uwanja ukarudi, na shule ya msingi iko palepale uwanjani, watoto wakicheza mbele ya watalii. Nyumba ya watawa ya Belén ikawa mahali pa kuhudumia wazee. Madarasa ya watoto yakahamishiwa ndani ya makumbusho wakati shule zao zikikarabatiwa.

Kwetu Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO. Vizuri. Lakini mimi sijapata kusikia paa la mjane yeyote wa Mji wa Kale lililozibwa kwa pesa ya mlango wa ngome. Mtalii ashuka basi, aingia, atoka, anunua kikoi, basi laondoka. Nyumba zenye milango ya nakshi zinauzwa moja moja kwa sababu wenyewe hawana uwezo wa kuzikarabati, na sheria ya mji wa kale huwakataza kuzibadilisha bila kuwapa cha kuzitengenezea. Zanzibar walishapata funzo chungu: Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wawili wakafa.

Asije mtu akadhani naisifu Kuba yote. Mwaka 2016 kampuni ile ilitolewa mikononi mwa ofisi ya Leal ikapewa wanajeshi, naye akafariki 2020. Ukitoka Plaza Vieja ukakata mitaa michache utakuta nyumba zimeegemezwa magogo, na mvua kubwa ikinyesha watu hawalali kwa kuhofia roshani kuanguka. Oktoba 2024 umeme ulikatika nchi nzima. Watu wana daftari la mgao wa chakula, na duka halina kitu cha kugawa. Kahawa ya mgao huchanganywa na njegere zilizokaangwa. Kwa mtu wa kahawa chungu na kashata, hilo pekee ni sababu ya kurudi nyumbani.

Jioni nenda Malecón, ukuta wa bahari ulioanza kujengwa 1901. Watu hukaa juu yake mpaka usiku wa manane, wana chupa na gitaa. Mama Ngina, ufukoni kwetu Mombasa, pamepashinda hapa kwa mihogo ya kukaanga na madafu, hilo sibishani na mtu. Na kwa wanaouliza juu ya swala: uko msikiti mjini, katika mtaa wa Oficios, ulifunguliwa 2015.

Mkija, hoteli kubwa ziacheni. Tafuteni casa particular, yaani chumba katika nyumba ya watu, jambo lililoruhusiwa kisheria tangu 1997. Chai ya asubuhi mtapikiwa na mwenye nyumba mwenyewe, na pesa mtamkabidhi yeye mkononi. Bebeni tochi, dawa zenu, na majani ya chai.