Bima iwe lazima, chanjo isiwe karatasi ya getini

Vyuo vya Arusha na Moshi vinapofunguliwa kila Oktoba na Novemba, mwanafunzi mpya hukuta orodha ya mambo ya kukamilisha kabla ya kusajiliwa: ada, picha, fomu ya daktari, uthibitisho wa bima ya afya. Asiye na bima hutakiwa kujiunga na NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo kwa mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Je, ni haki kumzuia mtu masomo kwa ajili ya bima? Na kama ni haki, mbona kadi ya chanjo haidaiwi kwa ukali uleule?

Wanaopinga bima ya lazima hawabishani bure. Mwanafunzi wa mkopo hupewa shilingi 10,000 kwa siku, za kula na kulala; wenyewe huiita boom. Kwa hiyo bima inameza boom la siku tano, tena inadaiwa wiki ambayo boom lenyewe halijaingia. Asiye na mkopo kabisa, mtoto wa mkulima wa Rombo au mfugaji wa Longido, huanza chuo na deni. Kibaya zaidi ni pale mtu anapolipa halafu wiki zinapita jina lake halionekani kwenye mfumo. Akiugua katikati ya hapo, analipa dirishani kama ambaye hakuwahi kuchangia.

Pamoja na hayo, naiunga mkono. Igawe 50,400 kwa miezi 12, utapata 4,200 kwa mwezi. Ajali moja ya bodaboda kule Njiro, au kidole tumbo kinachohitaji upasuaji usiku huohuo hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, humaliza akiba ya familia nzima, na wenzake darasani huanza kuchangishana kwenye simu. Bima ikiachwa iwe hiari, mzima ataiahirisha na anayejua kwamba anaumwa ndiye atakayekimbilia, na mfuko wa namna hiyo haudumu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imesimama juu ya hoja hiyohiyo. Kinachonikera ni utaratibu. Chuo kimsajili mwanafunzi kwanza, kipokee mchango kwa awamu, na kikishapokea kiwajibike kumwambia tarehe ambayo matibabu yake yanaanza.

Kwenye chanjo msimamo wangu unabadilika.

Chukua homa ya ini aina B. Nchini kwetu chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo wengi wanaoingia chuo leo moja kwa moja kutoka sekondari walipaswa kuipata wakiwa wachanga. Lakini chuo hakipokei vijana hao tu. Wapo walimu na wauguzi wanaorudi kusoma, waliozaliwa kabla ya hapo. Kwa mtu mzima chanjo hiyo ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, na mara nyingi analipa mwenyewe. Kabla ya kuchanjwa hupimwa kwanza. Sasa chuo kikidai cheti cha chanjo mlangoni, yule aliyepimwa akakutwa na kirusi, hivyo hakuchanjwa, atawasilisha nini? Ukosefu wa cheti utamtangaza mbele ya karani wa usajili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na dirisha la usajili lenye foleni nyuma yako si mahali pa kuzitoa.

Kuna pia kumbukumbu ya UVIKO-19. Mapema 2021 chanjo zilitiliwa shaka hadharani na viongozi. Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera na kampeni ikaanza. Vijana waliyaona yote mawili. Ukiwalazimisha leo bila maelezo, utawachanja mkono na kuwapoteza masikio.

Hata hivyo siwezi kusema chanjo iwe hiari kwa kila mtu. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anayeingia wodini KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, anashika sindano na damu, na kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Huyo achanjwe kabla hajagusa mgonjwa, kwa gharama ya chuo. Anayesomea wanyamapori Mweka ana sababu ya kufikiria chanjo ya kichaa cha mbwa, na fundi wa karakana ya Chuo cha Ufundi Arusha anahitaji ya pepopunda, hasa wanaume, maana wanawake wengi huchanjwa tena wakiwa wajawazito.

Wasichana wana jambo lao. Kilimanjaro ndiko majaribio ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, yalikoanzia mwaka 2014. Mwaka 2018 ikaenda nchi nzima kwa wenye miaka 14, dozi mbili. Walioishia ya kwanza wengi hudhani imepotea. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja tu, na kituo cha afya cha chuo kingeweza kuwaeleza hivyo wiki ya kwanza.

Kwa waliobaki, muuguzi aje chuoni Novemba na dozi ya kwanza ya homa ya ini, arudi Desemba, amalize Mei kabla ya mitihani. Kadi abaki nayo mwanafunzi. Chuo kihifadhi idadi ya waliochanjwa, majina yakae kwa muuguzi.