Kitabu cha kufuma kisichojua kufumua

Ukurasa wa 14 wa kitabu changu una picha ya mikono miwili. Kucha safi, vidole vimelegea, sindano zimepishana bila ugomvi, na vitanzi ishirini vimejipanga juu ya sindano ya kushoto kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Ukurasa wa 15, mikono ileile, mstari wa pili. Ukurasa wa 16 kitambaa kimeshafika upana wa kiganja. Nimekipekua kitabu chote, kurasa 96, na sijaona picha hata moja ya kitu kilichoharibika.

Mimi pia nilianza na vitanzi ishirini. Nilipomaliza mstari wa sita nilikuwa na ishirini na vitatu. Mstari wa tisa, kumi na tisa. Sikuwa nimeongeza wala kupunguza chochote kwa kujua. Nilirudi ukurasa wa 14, nikaitazama ile mikono, ikanitazama.

Kitabu kinachodai kumfundisha mtu anayeanza kingetakiwa kianze na kufumua. Hiyo ndiyo hoja yangu, na naiweka mapema ili asiyeitaka aende zake. Anayeanza hukaa ndani ya makosa kutwa nzima, na kitabu chake kinamwonyesha nyumba ya jirani iliyokwisha kupakwa rangi. Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kimeshaliona jambo hili. Unafuma, unafumua, na kikikushinda, kinafumuka chenyewe. Mwanamke yeyote wa Dar aliyewahi kukaa sakafuni Jumamosi jioni akifumua rasta anajua kwamba hiyo ni kazi inayojitegemea, ina saa zake na adabu yake, na ukiifanya kwa pupa unang'oa nywele pamoja na mizizi.

Nilifikaje huko? Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo kujifungua, chini ya khanga na beseni, kulikuwa na kofia na soksi za mtoto. Nikajisemea, kofia kitu gani. Kitabu nilikiokota kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kule Posta, kwa shilingi elfu tatu. Ni cha Uingereza, cha zamani, jalada lina mama mwenye sweta rangi ya haradali. Uzi na sindano nilifuata Kariakoo. Muuzaji aliniuliza ninamnunulia nani. Nilipomwambia ni vyangu, alicheka hadi akakosea chenji.

Hapo niseme kidogo. Katika jiji hili fundi cherehani mwanamume yuko kila kona. Anapima viuno vya dada zetu, anakata gauni za harusi, anaweka lesi, na hakuna anayeshangaa. Lakini mwanamume huyohuyo ukimpa sindano mbili ndefu na bonge la uzi, mtaa mzima unataka kujua kama ameachishwa kazi. Nilipokaa kibarazani Tabata jirani yangu alipita mara tatu bila sababu. Mara ya nne akauliza: "Kaka, hiyo ni dawa au?" Nikamwambia ni kofia. Akasema pole.

Ilikuwa Februari. Kitabu kinaanza na theluji: kaa karibu na moto, mwanga wa taa, paka miguuni. Mimi nilikuwa na nyuzi joto 32 nje na nyuzi nyingine mapajani, umeme umekatika, feni imesimama, na viganja vinavuja. Uzi wa Kariakoo mara nyingi ni wa akriliki, yaani ni plastiki iliyosokotwa, na mkono ukiloa unang'ang'ania sindano, kila kitanzi unakisukuma kama gari lililozama mchangani. Hili kitabu hakiligusi, kwa sababu aliyekiandika hakuwahi kufikiria kwamba mfumaji anaweza kutoka jasho. Ukikisoma utadhani ufumaji ulizaliwa kwenye baridi. Kumbe miongoni mwa vitu vya kale kabisa vya kazi hii vilivyosalia ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za buluu na nyeupe, zinazokadiriwa kuwa za kati ya karne ya 11 na ya 14. Pamba, na Misri! Tangu nilipojua hivyo nimeacha kuona aibu kufuma kwenye joto. Siku hizi nafuma uzi wa pamba. Hauvutiki kama sufu na kofia yake ni nzito kidogo, lakini mkono unapumua.

Sasa kuhusu kofia yenyewe. Kitabu kilisema sindano namba 8, vitanzi 80. Nilikuwa na sindano zilizoandikwa 8. Nikafuma wiki tatu, nikashona ubavuni, nikaivalisha kwenye nazi kama kitabu kinavyoshauri kufanya kwenye bakuli. Nazi ikapotea ndani.

Nilikuja kuelewa baadaye. Namba 8 ya Waingereza wa zamani ni sindano ya milimita 4. Namba 8 ya Wamarekani ni ya milimita 5. Tena Waingereza hao walihesabu kinyumenyume: namba ikikua, sindano inakonda. Kitabu kilikuwa cha upande mmoja wa bahari na sindano za upande mwingine, vikakutana kwenye mapaja ya mtu wa Tabata. Kwa milimita 4 unapata vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 80 vinatoa kofia ya sentimita 36 hivi, kichwa cha mtoto mchanga. Kwa mkono wangu na ile milimita 5 nilipata 18, na kofia ikatoka sentimita 44. Hicho ni kichwa cha mtoto anayetambaa.

Nikitendee haki kitabu: ukurasa wa 22 kilinionya nifume kwanza kipande kidogo cha majaribio na kukipima kwa rula. Niliuruka ukurasa huo. Nani ana muda wa kufuma kitu kisicho kitu? (Dawa ya namba nimeipata kwa seremala wetu. Alinitobolea kibao kwa keekee, tundu la milimita 3, la 4 na la 5. Sindano yoyote ninayonunua naipitisha hapo kwanza, sijali imeandikwa nini.)

Nikaibeba kofia nikaenda kwa shangazi, Temeke. Shangazi yangu ni mtu wa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano. Vitambaa vya makochi yake, vya meza, vya televisheni, hata cha kufunikia mtungi wa maji, vyote ni kazi yake. Sindano mbili hajawahi kuzishika, na bado kwetu kazi zote mbili tunaziita kufuma, jambo ambalo linanipa shida ninapoeleza, kwa sababu ni kazi mbili mbalimbali: kwenye kroshia una kitanzi kimoja kilicho hai, kwenye sindano mbili unavyo vyote themanini kwa pamoja, na kila kimoja kinatafuta mlango wa kutokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Huo mfuko wa nini?"

Nikamwambia ni kofia. Akaigeuza, akaingiza ngumi mbili ndani, akanyamaza kwa heshima. Kisha nikamwonyesha kile kipande changu cha kwanza chenye vitanzi vinavyozaliana. Akavaa miwani. Hakuuliza kitabu kinasemaje. Alikivuta kitambaa kulia, akakivuta kushoto, akakielekeza dirishani, kisha akaweka kidole pembeni. "Hapa uzi wako umepita juu ya sindano. Ulitakiwa upite chini. Kitanzi cha mwisho kimesimama kwa miguu miwili, wewe umedhani ni viwili, ukavifuma vyote." Akashuka mistari mitatu. "Na hapa kimekuponyoka kimoja, hukukiona. Kimeshuka, angalia, kimeacha ngazi."

Ngazi! Kitabu hakina neno hilo wala picha yake. Lakini ndiyo hasa inavyoonekana: vijiti vya uzi vimelala kimoja juu ya kingine, na chini kabisa kitanzi kimoja kinaning'inia kama mtoto aliyesahaulika kituoni. Shangazi akachomoa kroshia yake kwenye nywele, akakiingiza ndoano kile kitanzi, akavuta kijiti cha kwanza katikati yake, akageuza kitambaa, akavuta cha pili kwa upande wa nyuma, akageuza tena. Vijiti sita. Alipofika juu alinirudishia kitanzi sindanoni, na pale palipokuwa na ngazi hapakuonekana kitu. Mtu ambaye hajawahi kufuma kwa sindano mbili alinitengenezea kazi ya sindano mbili kwa dakika moja, kwa kifaa ambacho kiko karibu kila nyumba ya mjini hapa.

Kisha akaniambia nichomoe sindano yote. Niliogopa. Vitanzi vyote hewani bila kitu cha kuvishika! Akavuta uzi, na mstari ukaondoka, trrr, na mwingine, trrr, mpaka akafika pale palipokuwa sawa, akasimama. Vitanzi havikukimbia. Vilikaa vimefumbua macho vikisubiri. Hofu yote ya miezi miwili ilikuwa ya jambo ambalo halitokei, kwa sharti tu kwamba usivivute na uvirudishe sindanoni taratibu.

Yapo mengine aliyonipa jioni ile na niliyoyapata mwenyewe baadaye. Kosa likiwa kwenye mstari uleule, usichomoe kitu. Rudi kitanzi kimoja kimoja, ukihamisha kutoka sindano hii kwenda ile. Likiwa chini zaidi, ndipo unafumua kwa kuvuta. Na kabla hujaingia sehemu ngumu, pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja ulio sawa, uuache humo. Ukiharibu mbele ya safari, unafumua mpaka kwenye ule uzi na hapo kazi inagoma kufumuka zaidi. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi. Uoshe kwa maji ya vuguvugu, uutundike na kitu kizito kidogo chini yake, kesho umenyooka.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo ningependa kila anayeanza alifanye kabla hajanunua hata sindano. Nilikwenda Karume, kwenye mitumba, nikanunua sweta la shilingi elfu mbili. Masweta Dar ni bidhaa isiyo na mwenyewe, yanalala chini ya marundo. Nikalifumua lote. Ukichagua, angalia mishono ya ndani: vipande vilivyofumwa kwa umbo lake vinatoa uzi mmoja mrefu, lakini sweta lililokatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki litakupa vipande vifupivifupi visivyofaa hata kufungia mfuko. Na choma ncha ya uzi kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni akriliki.

Saa nzima ya kwanza nilivuta kutoka chini, kwenye ukingo wa kiunoni, na uzi ukawa unajifunga kila hatua. Nikapandwa na hasira, nikageuza, nikajaribu kutoka juu, shingoni, pale kazi ilipofungiwa. Ukateleza kama maji. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kitambaa cha kufuma kina mwanzo na mwisho, na kwamba kinafunguka kwa ulaini kutoka mwisho tu. Kwa kuvua sweta la mtu nisiyemjua, mstari kwa mstari, niliona mabega yamepunguzwaje, kwapa limeachwaje, mkono umeunganishwa wapi. Kitabu kina mishale na herufi. K2tog, kinaniambia, na mimi nilidhani ni jina la dawa ya meno. Ni kufuma vitanzi viwili pamoja kama kimoja, basi. Nilielewa mara tu nilipofumua, kwa sababu kitanzi kimoja kilifunguka vikatoka viwili.

Sisemi tutupe vitabu. Shangazi ana mikono mepesi mno, ukimwambia arudie anakasirika, na Temeke si jirani. Video nazo zinakula bando, na mikono yako ikiwa imejaa uzi huwezi kurudisha nyuma. Kitabu kinatulia, unakikandamiza kwa sahani na kinabaki wazi palepale. Na natamani mmoja wa akina mama wa kroshia wa mjini hapa aandike cha kwake kwa Kiswahili, chenye ngazi na miguu miwili, chenye jasho.

Ile kofia ya sentimita 44 mke wangu alikataa nisiifumue. Aliikunja akaiweka kabatini, na mtoto alizaliwa akavikwa ya dukani. Soksi nimefika kisigino, mara ya tatu.

Juzi shangazi alikuja kumwona mjukuu, akakikuta kitabu mezani, akakifunua kuanzia mwanzo hadi mwisho akiangalia picha. "Hawa wenzetu hawakosei?" akauliza. Kati ya ukurasa wa 14 na wa 15 aliikuta sampuli ya makosa yangu ya kwanza, niliyoifuma upya na kuibana kwa pini: mistari tisa, vitanzi kumi na tisa, ngazi moja, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu mahali pa kuanzia kufumua. Akavaa miwani, akahesabu. "Ni kumi na nane," akasema, akachomoa kroshia.