Eti kivinjari changu hakikubaliki

Wiki hii nimekutana nalo tena lile tangazo: "Kivinjari chako hakikubaliki. Tafadhali tumia Chrome au Safari." Fomu yenyewe ilikuwa ya kubadilisha anwani. Visanduku vinne na kitufe cha kutuma, basi. Hakuna video, hakuna ramani. Kazi ambayo vivinjari vinaifanya tangu miaka ya 1990, lakini simu yangu ya Sailfish, mfumo wa simu ambao si Android wala iPhone, imeonekana haina hadhi ya kuifanya.

Nikaingia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya kivinjari, nikaandika kwamba mimi ni Chrome ndani ya Android. Fomu ikafunguka, ikajazika, ikatumwa. Simu ni ile ile, injini inayochora kurasa ni ile ile ya Gecko, ukoo wa Firefox. Kilichoongezeka ni uongo tu.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Ile tovuti haikuangalia kivinjari changu kinaweza nini. Ilisoma jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo, kama bawabu anayekagua beji bila kumtazama aliyeivaa, ikafunga mlango. Na huwezi kuniambia hakuna njia nyingine: JavaScript, lugha ya kuendesha kurasa, inakuruhusu kuuliza kama kitu fulani kipo kabla ya kukitumia, na CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, ina @supports ya kuuliza vivyo hivyo. Mistari miwili mitatu tu! Badala yake mtu ameketi akaorodhesha majina anayoyajua yeye, wengine tukajijue.

Kichekesho ni kwamba hilo jina lenyewe limejaa uongo kitambo. Hiyo Chrome inayotukuzwa, tazama inavyojitambulisha: inaanza na "Mozilla/5.0", inataja AppleWebKit, injini ya Apple, inadai inafanana na Gecko, inamalizia na Safari. Imejipachika majina ya wenzake wote ili isifungiwe milango enzi hizo ilipokuwa mgeni. Leo wageni ni sisi, na tunaambiwa turudi tulikotoka.

Wala si wanyonge peke yao waliopitia haya. Januari 2013 waliokuwa na Windows Phone walijikuta wakifungua Google Maps na kurushwa kwenye ukurasa wa utafutaji, mpaka kelele zilipozidi Google ikaondoa kizuizi. Mwaka uliofuata Microsoft, pamoja na ukubwa wake wote, iliifanya Internet Explorer ya Windows Phone 8.1 ijitambulishe kwa jina lenye neno iPhone ndani yake, ili ipewe kurasa nzuri za simu. Kama kampuni ya kiasi hicho ililazimika kujibanza nyuma ya jina la mshindani, Jolla wa Ufini, watengenezaji wa Sailfish, wafanye nini? Wamefanya hivyo hivyo: kivinjari cha Sailfish kimekuja na faili zima la tovuti na majina ya kujisingizia kwa kila moja. Kuna watu wanalipwa kutunza orodha ya uongo. Hebu fikiria hiyo kazi.

Haya, nikubali kidogo. Zipo simu ambazo kweli haziwezi. KaiOS 2.5, mfumo wa simu za vitufe, inatembelea Gecko 48, injini ya 2016, ambayo hata CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa mistari na safu, haiijui. Usalama nao si jambo la mzaha. Benki ikikataa injini iliyozeeka kiasi hicho, sitabisha sana. Lakini basi ikatae kwa sababu ya uzee, na iseme hivyo. Ubuntu Touch, mfumo mwingine wa simu, inatumia kivinjari cha Morph, na ndani ya Morph kuna Chromium, ukoo ule ule wa Chrome. Huyo naye unamkataa kwa kosa gani?

Na tafadhali, mtu asinijibu "pakua programu yetu". Programu yenu iko kwa Android na iPhone. Ndiyo maana nimekuja kwenye tovuti!

Ninachoomba hakihitaji bajeti wala mkutano. Wekeni onyo lenu, hata kwa herufi nyekundu mkipenda, kisha chini yake muweke kitufe: "Endelea hivyo hivyo." Ukurasa ukipinda, nitaunyoosha mwenyewe.